Kabla hujafunga boksi la umeme, uliza baunsa wake ni nani!

Najua wapo waliofungua ukurasa huu wakitegemea yale mambo yetu ya mapenzi, mavazi na nani kaonekana na nani. Leo poleni. Leo naongea na wewe kijana uliyejichanga mpaka ukapata kiwanja, ukasimamisha kuta, ukapiga bati, na sasa umefika kwenye umeme.

Si siri, vijana wa siku hizi tunapenda vitu vinavyoonekana. Vigae tunachagua mwezi mzima. Rangi ya sebule tunaombea ushauri hadi kwa wakwe. Lakini lile boksi la umeme linalokaa ukutani nyuma ya mlango, tunamwachia muuza duka. "Bosi, nipe la bei poa." Basi! Umeshalipia kitu ambacho kinaweza kukulindia nyumba au kukuchomea, na hata hukukifungua kuangalia ndani.

Sasa sikiliza. Maboksi ya umeme yako ya aina mbili kubwa. La kwanza lina breka kubwa inayokaa mwanzoni, ndiyo inayoitwa meni breka. Umeme ukiingia unapita kwake kwanza, halafu ndio unagawiwa kwenye breka ndogo za taa, soketi, jiko na kadhalika. Ukiibonyeza chini, nyumba nzima giza. Matumizi yakizidi kiwango chake, inajikata yenyewe bila kumuuliza mtu.

La pili halina breka hiyo. Waya mkubwa unaotoka nje unafungwa moja kwa moja kwenye lagi, yaani vile vishikio vya chuma vyenye skrubu, na kutoka hapo umeme unatambaa kwenye kipande cha shaba mpaka kwenye breka ndogo. Mafundi wengine wanaliita boksi la lagi, wengine boksi la kuunga. Ni la bei nafuu zaidi, na ukilitazama kwa nje unaweza usione tofauti yoyote. Hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini.

Kwa watoto wa mjini nitaeleza hivi. Chukulia ukumbi wa disko. Boksi lenye meni breka ni ukumbi wenye baunsa wake mlangoni. Watu wakizidi, anafunga mlango. Boksi la lagi ni ukumbi usio na baunsa. Je, ni mbaya? Si lazima! Kama ni chumba kidogo ndani ya ukumbi ule ule, na baunsa wa geti kubwa yupo macho, hakuna tabu. Lakini kama ni ukumbi unaojitegemea, uko barabarani peke yake, halafu hauna baunsa, jamani, mnategemea nini usiku wa manane?

Shika neno hilo moja tu, maana ndilo la leo: boksi la lagi si bovu, ila ni tegemezi. Kabla ya kulinunua uliza, litamtegemea nani?

Kisa kilichonifanya niandike haya kinatoka Hombolo. Kwa wasioijua, Hombolo iko ndani ya Jiji la Dodoma, kilometa kama 40 kutoka mjini, unapita njia ya Ihumwa. Ni kwenye bwawa lile lililojengwa mwaka 1957, kwenye mashamba ya zabibu, na ndiko kiliko Chuo cha Serikali za Mitaa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na mji kutangazwa jiji mwaka 2018, viwanja vya pembezoni vimekuwa dili. Na penye chuo pana wanafunzi, na penye wanafunzi pana wanaotafuta vyumba. Hesabu unayo.

Rafiki yangu mmoja, dada wa mjini haswa, mwenye kazi yake Dodoma, aliiona hesabu hiyo mapema. Akajenga kinyumba chake mbele, na uani akaweka vyumba sita vya kupangisha. Akaenda dukani akanunua maboksi mawili ya umeme yanayofanana kama mapacha, moja la nyumba yake na moja la vyumba. Muuzaji kamwambia yote ni sawa. Kufika Hombolo, fundi wake, mzee wa makamo mwenye maneno machache, akayafungua, akayatazama, akayafunga.

"Mwanangu, hili kwa nyumba kubwa mimi sifungi."

Dada moto ukawaka. Akanipigia simu, "Kaka, njoo unisaidie, huyu mzee anataka kunichuna." Na tuseme ukweli, mafundi wa kukuchuna wapo. Basi nikapanda gari nikaenda kuwa msuluhishi. Nikawakuta wamekaa kivulini, kila mmoja anatazama upande wake.

"Mzee shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu. Umekuja kunifukuza?"

Tukacheka, akatulia, akaanza kunionyesha. Hakutumia maneno makubwa. Alichukua kijiti akachora chini: mita, mstari, boksi la nyumba, mstari mwingine, boksi la vyumba.

"Tazama. Kazi ya TANESCO inaishia kwenye mita. Kuanzia hapa ni mali yenu. Boksi hili la kwanza nikilifunga bila meni, siku soketi imeungua humu ndani, dada atazima wapi?"

Dada akajibu haraka, "Si kwenye LUKU, fundi? Umeme ukiisha si unakata wenyewe?"

Mzee akatikisa kichwa. Na hapa naomba wasomaji wangu mtege sikio, maana imani hii imejaa mitaani. LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, kazi yake ni kuhesabu na kukudai. Ikikata kwa sababu yuniti zimekwisha, hujazima umeme, umeishiwa tu. Chukulia fundi kapanda ngazi, kashika waya mikononi kwa kuwa "umeme umeisha". Chumbani mpangaji kanunua yuniti kwa simu, kabonyeza zile namba 20. Umeme umerudi, fundi yuko juu ya ngazi. Nisimalizie.

Hata kama kuna kikatio cha shirika upande wa mita, hicho si chako, hukigusi, na kimewekwa kulinda njia yao. Nyumba yako inahitaji sehemu yake ya kuzima, ya kwako mwenyewe, ambayo mtoto wa darasa la tano anaweza kuonyeshwa leo na kesho akaitumia.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: boksi la kwanza kutoka kwenye mita lazima liwe na meni yake. Hilo halina mjadala.

Lakini hapo napo kuna ujanja wa madukani. Si kila kibonyezo kikubwa ni breka. Vitu vitatu tofauti vinakaa mahali pale pale, na vyote watu wanaviita "meni".

Kuna meni breka yenyewe, inayozima kwa mkono na inayojikata matumizi yakizidi au waya zikigusana.

Kuna meni swichi tupu. Hii inazima kwa mkono tu. Ukiipakia mzigo kupita kiasi inakutazama tu, haifanyi kitu. Si mbaya, mradi kuna breka ya kiwango sahihi nyuma yake.

Halafu kuna ile ya kunusa umeme unaovuja, yenye kitufe kidogo cha kujaribia. Yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua njiani, maana yake unapitia mahali pasipostahili, pengine mwilini mwako, nayo inakata. Za majumbani kwa kawaida zimeandikwa 30mA, yaani sehemu 30 kati ya 1,000 za amp moja. Breka ya kawaida ya amp 20 haiwezi kukuokoa na shoti, maana umeme unaotosha kumuua mtu haifikii hata amp moja, breka itauona kama mzaha. Kwa hiyo usibadilishane hizi mbili. Moja inalinda waya, nyingine inalinda watu. Nyumba ya maana inazo zote.

Turudi kivulini. Dada akaanza kulegea, ila bado ana lake.

"Sawa fundi, la kwanza nimekubali. La vyumba je? Si umesema hili la kuunga linafaa kuwa la pili?"

"Linafaa," mzee akasema. "Ila naomba nikuulize. Ijumaa jioni unakwenda wapi?"

"Nakwenda mjini, narudi Jumapili."

"Na mlango wa nyumba kubwa?"

Dada kimya. Mimi mwenyewe nikajikuta namtazama mzee kwa heshima mpya. Maana umeme wa vyumba ungetoka kwenye breka iliyoko ndani ya nyumba kubwa, na nyumba kubwa mwisho wa wiki ina kufuli. Wanafunzi sita uani, usiku, moshi unatoka kwenye boksi, na mahali pa kuzimia pako nyuma ya mlango uliofungwa na ufunguo uko Dodoma mjini! Baunsa yupo, ila kafungiwa ndani.

Hiyo ndiyo sheria ya pili. Boksi la pili linaweza kuwa la lagi endapo mambo mawili yametimia: kuna breka inayolilinda kule umeme unakotokea, na wanaolitumia wanaweza kuifikia breka hiyo haraka, saa yoyote. Kama boksi la pili liko korido ile ile, labda la jiko jipya na stoo, lagi inatosha kabisa na kuweka meni nyingine ni kuongeza gharama. Lakini likiwa kwenye jengo jingine, lipe sehemu yake ya kuzimia humo humo. Si lazima iwe breka, hata swichi tupu inatosha, maana kazi ya kulinda waya tayari inafanywa na breka ya kule mwanzo.

Na habari njema ni kwamba si lazima utupe boksi. Lile la vyumba lilikuwa la njia nane. Mzee akahesabu: taa njia moja, soketi njia mbili, taa za nje moja. Zinabaki nne. Nafasi mbili akapanga kuzipa swichi ya kuzimia, mbili zikabaki za akiba. Lile jingine dada akalirudisha dukani, akaongeza pesa kidogo, akapewa lenye meni breka. Ukilinganisha na alichotumia kwenye bati na vigae, nyongeza hiyo ilikuwa pesa ya soda.

Sasa twende kwenye hesabu. Usikimbie, ni ya darasa la saba. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Ukizidisha volti kwa amp unapata wati. Breka ya amp 63 inaruhusu wati kama 14,490. Ya amp 40 inaruhusu 9,200.

Tuchukue vile vyumba sita. Saa kumi na mbili jioni, kila mwanafunzi kawasha jiko la umeme la wati 2,000, na kesho kuna prezentesheni, kwa hiyo kila mmoja na pasi ya wati 1,000. Jumla 18,000. Gawanya kwa 230, ni amp kama 78. Mzee alipanga kupeleka uani waya wa milimita za mraba 10 na kuulinda kwa breka ya amp 40 kule nyumba kubwa. Kwa mzigo ule, breka itavumilia kidogo, halafu itakata. Vyumba vyote giza, wali haujaiva, matusi kwa mwenye nyumba.

Hapo ndipo wenye nyumba wengi wanapopotea. Wanamwita fundi wa haraka haraka, "Hii breka mbovu, inakata kata, weka kubwa." Anaweka ya 63 au hata 100, waya ni ule ule. Kukata kumekoma, wapangaji wanashangilia. Lakini mzigo haujapungua. Waya uliokuwa unalindwa sasa unapika taratibu ndani ya ukuta, plastiki yake inalainika, na hakuna anayejua mpaka siku inanuka. Breka inayokata kata haikuchokozi, inakupa taarifa. Ama punguza mzigo, ama badilisha waya na breka kwa pamoja, ukiwa umehakikisha umeme uliounganishiwa unatosha. Breka kubwa haileti umeme zaidi, inaruhusu hatari zaidi tu.

Na usishtuke ukijumlisha breka ndogo zote ukakuta zimezidi meni. Hiyo ni kawaida, kwa sababu si kila kitu kinawashwa kwa wakati mmoja. Meni ndiyo inayosimamia jumla.

Wenye mashamba ya zabibu nao nisiwasahau. Pampu ya kuvuta maji ikianza kuzunguka hunyonya umeme mara tano hadi saba ya kawaida yake, kwa sekunde chache tu. Breka yenye herufi B inaweza kuruka kila unapowasha, ndiyo maana mafundi huchagua herufi C, au D kwa mota nzito. Na boksi la pampu likiwa shambani, mbali na nyumba, swichi ya kuzimia ikae pale pale. Kijana aliyeshika bomba hawezi kukimbia mita 200 kwenda kuzima wakati mwenzake ameng'ang'aniwa na umeme.

Nilimwuliza mzee swali la mwisho kabla sijaondoka: watu wanakosea wapi zaidi kwenye boksi la pili? Akanionyesha vipande viwili vya shaba vyenye skrubu. Kimoja cha nyutro, kimoja cha ethi.

"Hivi vinakaa mbali mbali. Kuna vijana wanaviunganisha pamoja ili kazi iishe. Wakifanya hivyo umeme unaorudi unapita kwenye ethi, na bodi ya chuma ya friji inaweza kuanza kukurusha."

Akaongeza lingine: hata ukizima meni, zile skrubu za juu, pale waya wa kutoka kwenye mita unapoingia, bado zina moto. Meni inazima kilicho mbele yake, si kilicho nyuma yake. Kwa hiyo usijitie ufundi wa bisibisi kwa kuwa umezima. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuonyeshe leseni hiyo. Asione aibu, wewe ndiye unayelipa.

Haya, kwa wale wenye haraka, kata kipande hiki kaweke kwenye pochi, ukienda dukani uliza hivi. Moja, boksi hili litakuwa la kwanza kutoka kwenye mita, au la pili? Kama ni la kwanza, nataka lenye meni. Mbili, hii meni ni breka, ni swichi tupu, au ni ya kunusa umeme unaovuja? Soma maandishi yake, usisikilize maneno. Tatu, kama ni la pili, breka inayolilinda iko wapi, ni ya amp ngapi, na waya unaokuja ni wa milimita ngapi? Nne, usiku wa manane, mwenye nyumba hayupo, nani atazima na atazimia wapi? Tano, zimebaki njia ngapi za akiba? Maana leo una vyumba sita, kesho utataka saluni.

Ukijibu hayo matano, huna haja ya kubishana na fundi kivulini. Na kama fundi wako amekataa kukufungia kitu, kabla hujamwita mwizi, muulize kwanza anaogopa nini. Mwizi kwa kawaida hakatai kazi, anaifanya haraka anaondoka.

Wapangaji nanyi msijifanye hayawahusu. Leo hii toka nje, ulizia sehemu ya kuzimia umeme iko wapi. Ukiambiwa "iko kwa mama mwenye nyumba, na kasafiri", basi mada ya kikao cha wapangaji Jumamosi mnayo.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu: kuna barua ya kaka mmoja ambaye mchumba wake anataka harusi ya magari kumi na yeye ana baiskeli. Tukutane hapa hapa, panapo majaliwa.